Mjomba Anayetengeneza Ndege

Nikiwa likizo Bigwa sipendi kwenda kunyoa Jumamosi, kwa sababu Jumamosi kinyozi ana wateja wengi na wateja wengi wana maswali. Kinyozi wangu ana tabia ya kunitangaza. Nikikaa tu kwenye kiti anawaambia waliopo kwamba huyu mzee anatengeneza ndege, na kabla sijafungwa kile kitambaa shingoni mtu ameshauliza nalipwa kiasi gani. Hawaulizi kazi yenyewe ikoje. Hawaulizi kama nachoka. Wanaanza na mshahara, kisha wanauliza mtu anaingiaje, kana kwamba ni harusi na mimi ndiye nimeshika kadi mlangoni.

Huwa nawajibu, maana nikinyamaza nitaitwa mwenye maringo. Nawaambia usome sayansi, fizikia na hesabu zikae vizuri, na Kiingereza usikikimbie kwa sababu vitabu vya ndege vimeandikwa kwa lugha hiyo na havina huruma. Uende chuo cha ufundi wa ndege, Dar, au nje ya nchi kama kuna wa kukulipia. Ukimaliza chuo wewe bado si fundi. Unaingia hanga, lile banda la kutengenezea ndege, kujifunza kazi, unawashikia wakubwa tochi, unaosha vipuri, unatambaa ndani ya mkia wa ndege mahali ambapo mtu mnene hapiti, na kila ulichofanya unakiandika ili mwenye leseni aweke sahihi yake juu ya jasho lako. Huku nyuma unafanya mitihani ya mamlaka ya anga, mmoja baada ya mwingine, na miaka inakwenda. Halafu ndipo leseni. Na leseni ukishaipata unaambiwa hii ni ya jumla, sasa kasomee kila aina ya ndege peke yake.

Mshahara unafuata njia hiyohiyo. Miaka ya kwanza bodaboda mwenye bidii anakuzidi. Ukipata leseni unaanza kula vizuri na kujenga kidogokidogo. Ukisomea ndege kubwa, hapo watu wa nje nao wanakupigia simu, na wenzangu wengi wamekwenda Uarabuni, wanatuma picha za magari. Nikifika hapo wateja wa kinyozi wanaamka. Ile miaka ya tochi wanakuwa wameshaisahau.

Mimi sikwenda Uarabuni. Nimebaki Dar, kwenye hanga la ndege ndogo na za kati, nafanya kazi wiki kadhaa mfululizo kisha napumzika, na mapumziko napanda treni ya umeme narudi Morogoro. Nyumba yangu iko Bigwa, juu kidogo, mahali ambapo mlima unaanza kupanda kwelikweli na asubuhi ukungu unashuka mpaka kwenye migomba ya jirani. Niliijenga kwa miaka mingi. Ina vyumba vitatu na mimi natumia kimoja. Jikoni nina sufuria kubwa mbili ambazo sijawahi kuzibandika motoni, nilizinunua nikiwa bado na mke. Mke tuliachana, hakuna mwenye kosa kubwa, ni mtu kuchoka kulala peke yake wakati mume anakesha na injini. Anaishi Dar na mtoto wetu wa kiume, na mtoto tunaongea vizuri kwenye simu. Lakini sisi ni Waluguru. Mtoto ni wa mama yake na ukoo wa mama yake, na hilo kwetu halina ubishi. Watoto wangu mimi, kwa hesabu ya kwetu, ni wa dada yangu.

Nasema haya ili ieleweke nilivyokuwa. Nilikuwa mpweke. Silitumii neno hilo kwa kujipamba. Kuna likizo nilimaliza bila kuongea na mtu yeyote ndani ya nyumba yangu isipokuwa fundi bomba. Na upweke wenyewe haukuwa wa kukosa watu, maana Bigwa watu wapo na salamu zipo asubuhi na jioni. Ulikuwa wa kukosa mtu mmoja ninayeweza kumwambia, leo nimekuta ufa mdogo kama unywele kwenye mguu wa ndege iliyokuwa iondoke na abiria, na mtu huyo akaelewa kwa nini mikono ilinitetemeka.

Dada yangu yuko Kinole, kwenye shamba la mama yetu. Yeye ni mkubwa kwangu na mimi ndiye kaka yake pekee wa tumbo moja. Ana binti mmoja. Binti huyo tangu mdogo alikuwa wa kufungua vitu. Aliifungua redio ya bibi yake, akafungua baiskeli ya watu, na tofauti na watoto wengine, alivifunga vikafanya kazi. Alipomaliza kidato cha sita matokeo yake ya fizikia na hesabu yalikuja mazuri kuliko yangu ya zamani, na dada akanitumia ujumbe: panda uje, mtoto anataka njia yako, mjomba ndiye wa kusema.

Kwetu ndivyo ilivyo. Jambo kubwa la mtoto, shule, ndoa, shamba, halisemwi na baba. Linasemwa na mjomba, mbele ya watu wa lukolo, yaani ukoo wa mama. Mimi mwenyewe nilisemewa na mjomba wangu, marehemu sasa, mtu wa maneno machache. Siku yangu aliangalia karafuu zilizoanikwa uani, akaniangalia mimi, akasema huyu aende, mavuno ya mwaka huu ni yake. Ikawa imekwisha. Alipofariki, kusema kukawa juu yangu.

Nilipanda Kinole kwa pikipiki, mvua imenyesha, tope jekundu mpaka magotini. Njia nzima nilikuwa na furaha ambayo nilijaribu kuificha hata kwa dereva. Nilikuwa nimeshapiga picha yote kichwani. Chuo Dar, wikiendi na likizo anakuja Bigwa, chumba cha katikati kiwe chake. Baada ya hapo nimtafutie nafasi ya kujifunza kwenye hanga letu au la jirani. Tungekaa barazani tukabishana kuhusu pampu za mafuta. Nilitaka jambo hili kiasi kwamba nilijiogopa. Nikajiambia, wewe, usije ukamvuta mtoto wa watu kwenye kazi ngumu kwa sababu tu unataka mtu wa kula naye wali.

Kwa hiyo niliamua kusema kweli. Na namna yangu ya kusema kweli ni ile ya kazini.

Kazini kwetu, shifti moja inapoikabidhi ndege kwa shifti nyingine, hatuzungumzii kilicho kizima. Anayeondoka anasema kasoro. Hapa panavuja, hapa sijamaliza kukaza, hapa nimekuta mchubuko, tazama tena. Mwenzake anasikiliza, anakwenda moja kwa moja kwenye kasoro. Kitu ambacho hakikutajwa, maana yake kiko sawa. Ukianza kusifia injini nzuri watu wanakushangaa, wanafikiri umelewa. Nimeishi hivyo tangu ujana, na sikujua kwamba sasa naongea hivyo kila mahali.

Uani kwa dada walikuwa wamekaa kwenye mikeka, dada mwenyewe, mama wadogo wawili, na binamu yetu mmoja, mtoto wa mama mdogo, anayesafirisha ndizi na mananasi kwenda Dar. Mdalasini uliomenywa ulikuwa umeanikwa pembeni na harufu yake ilijaa uwanja mzima. Binti alinipa shikamoo, akanipa chai ya tangawizi, akakaa nyuma ya mama yake akiwa ameinamisha kichwa. Nilisubiriwa ninywe. Kisha dada akasema mjomba amefika, tunamsikiliza.

Nikakabidhi. Nilisema masomo ni magumu na wengi wanaachia njiani. Nilisema ada ni kubwa. Nilisema akimaliza chuo atakaa miaka kadhaa analipwa hela ya chumba na nauli, na kuna miezi nauli itamshinda. Nilisema atafanya kazi usiku, kwenye lami inayochoma mchana na mvua ikinyesha, na wanaume wengine watamwita dada chukua ufagio. Nilisema ukikosea kuna watu wanakufa, na hata usipokosea utalala unafikiri umekosea. Nilisema kuhusu ndoa yangu, jambo ambalo sikuwahi kulisema mbele yao. Nilieleza kwa mpangilio, bila kuficha, na nilipomaliza nilihisi nimefanya kazi safi. Yaliyo mema sikuyataja. Yalikuwepo mengi, na kwa akili yangu kila mtu pale alikuwa anayaona.

Waliitikia kwa vichwa. Yule mkubwa kati ya mama wadogo akasema, "Tumekusikia, mjomba." Binti akaja kuchukua kikombe, na aliponiinamia nikaona macho yake yamebadilika, nikadhani ni uzito wa jambo. Nikafurahi kwamba anachukulia kazi kwa uzito. Tukala ndizi na nyama ya kuku, wakanifungia nanasi na mdalasini, nikateremka.

Kesho yake nilikwenda mjini kununua kitanda. Nilichagua mninga, nikabishana na seremala mpaka tukakasirikiana. Nikanunua godoro, chandarua, meza na taa ya kusomea. Nilivipanga kile chumba cha katikati, nikavibadilisha, nikavipanga tena kitanda kisikae karibu na dirisha kwa sababu ya baridi ya mlimani. Jirani aliniuliza kama nategemea mgeni. Nikasema nategemea.

Kisha nikarudi Dar kusubiri simu. Nilijua itatoka kwake, siyo kwa mama yake, kwa sababu kazi hii mtu hatumwi. Nilikuwa nimeshamwambia kila kitu, sasa aniambie mwenyewe, mjomba nimekubali. Nilitafuta taarifa za chuo, nikajua dirisha la maombi linafungwa lini. Wiki zikaenda. Nilijisemea anasaidia shamba, ni msimu. Nilijisemea mtandao wa Kinole unasumbua. Nilirudi Bigwa likizo moja, nikafungua kile chumba nikafagia vumbi, nikarudi kazini. Dirisha la maombi likafungwa. Nilikuwa nimekasirika wakati huo, nasema wazi. Nilimwona mtoto ni mwoga, nikasema moyoni basi, kama matatizo machache yamemtisha, hanga lingemtoa machozi.

Nilimpigia dada nikiwa na hasira hiyo. Baada ya salamu nikauliza binti ameamua nini. Dada akashangaa. Akasema binti yuko Turiani, anasoma uuguzi kwenye chuo cha misheni, anaendelea vizuri. Nikauliza nani alisema aende. Akamtaja binamu yetu, yule wa ndizi. Kwa mila zetu mtoto wa mama mdogo naye ni kaka wa dada yangu, kwa hiyo naye ni mjomba, hakuna kilichovunjwa.

"Wewe ulishakataa, mdogo wangu," dada akasema. "Hatukutaka kukusumbua mara ya pili."

Nilimwambia sikukataa. Akaniambia taratibu, kama mtu anayemweleza mgeni, kwamba mjomba hakatai waziwazi mbele ya watu, kwa sababu kumkatalia mtoto wa dada ni aibu kwa wote. Anayetaka kukataa huhesabu matatizo. Wasikilizaji wanasema tumekusikia, na jambo linazikwa kwa heshima. Wewe ulihesabu mpaka ndoa yako, akasema, tukaona umekataa kwa nguvu zote.

Nililijua hilo. Hicho ndicho kilichonikata maini. Nimezaliwa Kinole, nimekaa kwenye mikeka ileile nikiwasikia wajomba wakihesabu matatizo ya shamba ambalo hawataki kuligawa, na hata mtoto mdogo anaelewa. Miaka yote ya hanga ilikuwa imelifunika jambo hilo kama grisi inavyofunika namba ya kipuri. Nilizima simu nikakaa nje ya hanga kwenye kivuli cha bawa mpaka mwenzangu akaniita.

Likizo iliyofuata nilipanda basi kwenda Turiani. Bondeni miwa ilikuwa imesimama pande zote za barabara na matrela ya kiwanda yalikuwa yakidondosha vipande njiani. Sikuwa na mpango. Nilijiambia nakwenda kumpelekea mtoto hela ya matumizi, jambo ambalo mjomba yeyote anafanya.

Alinipokea getini akiwa na sare, shingo imenyooka, amenenepa kidogo. Shikamoo yake ilikuwa ya furaha kweli, siyo ya kununa, na hilo lilinisumbua kuliko kununa. Alinipeleka kwenye kibanda cha mama lishe nje ya chuo, tukaagiza wali na maharage. Wenzake wawili walikuwa pale. Akawaambia kwa majivuno, huyu ni mjomba wangu, anatengeneza ndege, mnazoziona zikipita juu hapo nyingine ni zake. Wakanipa heshima zao. Halafu akaongeza akicheka, "Ila hataki mtu mwingine aingie."

Wenzake walicheka wakaondoka kwenda darasani. Nami nilicheka. Nilipobaki naye nilisafisha koo, nikamwambia kwamba sikukataa. Nilimweleza jinsi tunavyokabidhiana ndege, kwamba tunataja kasoro tu, kwamba kizima hakisemwi. Alisikiliza kwa makini, ule umakini wake wa kufungua redio. Aliacha hata kula.

"Sasa mjomba, mimi ni ndege?" akauliza.

Nikasema hapana.

"Mimi yale matatizo yote niliyaweza," akasema. "Nilikaa pale nyuma ya mama nayasikia, nasema hili naliweza, hili nalo naliweza. Nikawa nasubiri mwishoni useme njoo. Hukusema."

"Njoo," nikasema.

Lilitoka lenyewe, sikulipanga. Nilimwambia mwaka ujao dirisha litafunguliwa tena, ada nitalipa mimi, nafasi ya kujifunza nitaitafuta, na kazi ina mazuri. Nikaanza kuyataja, kwa mara ya kwanza maishani mwangu nadhani, na nilikuwa nayataja ovyo. Injini ikiwaka vizuri asubuhi baada ya kuifungua yote. Rubani anayekuuliza wewe umeitazama, ukisema ndiyo anapanda bila neno lingine. Leseni ikija na jina lako, hakuna mtu duniani anayeweza kusema ulipewa.

Alinitazama kwa upole sana. Nimeona wauguzi wakimtazama mgonjwa hivyo, na nikajua kwamba kazi yake ameshaanza kuipenda. Alisema wiki iliyopita amemzalisha mama mmoja kutoka vijiji vya mashamba ya mpunga, mkunga amesimama pembeni tu, mikono ilikuwa ya kwake yeye. Mtoto alichelewa kulia na yeye alihisi dunia imesimama, kisha akalia. Alieleza jinsi mikono ilivyomtetemeka baadaye, mpaka akashindwa kushika kikombe. Nilimwelewa kila neno. Nilikuwa nimemtafuta mtu wa kuongea naye hivi miaka yote, na sasa alikuwa mbele yangu anaongea, na alikuwa anaongea kuhusu kazi nyingine.

"Mjomba, Jumatatu nina mtihani wa moyo na mishipa ya damu," akasema. "Nisamehe."

Nikasema hakuna cha kusamehe, asome vizuri. Nilimpa hela, akaipokea kwa mikono miwili. Mama lishe akaja kuondoa sahani. Binti akawa ananiangalia, kama kuna kitu anakifuata mwilini mwangu kwa macho, shati langu, shingo, vidole.

"Na pale Bigwa unakaa na nani?" akauliza. "Nyumba yote ile."

"Peke yangu."

"Tangu lini?"

Nikamwambia tangu mama wa mwanangu, maana yangu mke wangu, alipoondoka. Nilichanganya maneno, akanisubiri niyapange.

"Mbona hukutuambia unakaa peke yako?" akasema. "Ungetuambia hilo tu, mjomba, ningekuja hata kukaa."

Nilimwambia basi langu linaondoka. Mabasi ya Morogoro yalikuwa bado mengi pale stendi, na yeye aliyaona kama nilivyoyaona, lakini alisimama akanisindikiza.